Dondoo muhimu: Mwanga na flashi kwa ndege wa Saiwa

Ukitoka Kipsongo kwenda Hifadhi ya Saiwa Swamp, jiandae kwa kivuli kizito na anga jeupe.

• Ndege yuko tawini, nyuma anga tupu? Ongeza mwanga stopu moja hadi mbili. Wengi husahau, wakarudi na umbo jeusi lisilo na macho.
• Korongo-taji juani: punguza kidogo, shavu lake jeupe huungua upesi.
• Shorobo kivulini: washa flashi ya kujazia, uishushe stopu moja na nusu hadi mbili. Ikijionyesha pichani, imezidi.
• Kwa flashi ya kawaida, shata isipite 1/250.
• Kagua histogramu. Skrini juani hudanganya.
• Karibu na kiota, zima flashi.