ADHD: Jinsi Saa na Daftari Vinavyosaidia Kuzuia Papara

Fundi wa nguo amepokea malipo ya awali ya sare sita za shule. Wateja watazichukua Ijumaa jioni, kwa kuwa shule zinafunguliwa Jumatatu. Jumatano asubuhi anaanza kushona. Simu inalia, anaacha cherehani. Jirani anapita na habari za kitambaa cha bei nafuu sokoni, naye anafunga kibanda na kwenda kukinunua kwa pesa za wateja. Kufikia jioni amemaliza sare moja tu. Ijumaa wazazi wanafika, hawapati nguo, na wanamwita mvivu na mwongo.

Huenda si mvivu wala mwongo. Huenda anaishi na ADHD ambayo haijawahi kutambuliwa.

ADHD ni nini?

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Dalili zake ni kukosa umakini, kutotulia, na papara, yaani kutenda kabla ya kupima jambo. Hali hii si mpya. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alieleza jijini London kuhusu watoto wenye dalili zinazofanana na hizi. Haitokani na laana wala malezi mabaya. Urithi wa kifamilia una mchango mkubwa. Kwa watu wengi, dalili huendelea hadi utu uzima.

Kila mtu husahau au kukurupuka mara moja moja, na hiyo pekee si ADHD. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 unasema kwamba dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, huku zikivuruga maisha ya mhusika.

Papara inahusianaje na muda?

Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley alieleza mwaka 1997 kwamba kiini cha ADHD ni udhaifu wa breki za ubongo: mtu hushindwa kujizuia kwa muda mfupi unaotosha kufikiri. Pia hupata shida kuhisi muda unavyopita. Kwake, kilicho mbele ya macho kina nguvu kuliko kinachokuja. Kitambaa cha bei nafuu kiko leo. Ijumaa iko mbali. Ndiyo maana kumwambia mtu kama huyo "kuwa makini" hakumsaidii sana. Kinachosaidia ni kuutoa muda kichwani na kuuweka mahali unapoonekana na kusikika.

Zana tano rahisi

1. Saa inayoonekana. Saa ya ukutani iliyo mbele ya meza ya kazi hufaa kuliko simu, kwa sababu anayechukua simu kutazama saa hujikuta akisoma jumbe.

2. Vipindi vifupi vya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa Italia Francesco Cirillo alitumia kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya kujilazimisha kusoma. Njia yake ni kufanya kazi dakika 25, kisha kupumzika dakika 5. Anayeona dakika 25 ni nyingi anaweza kuanza na 10.

3. Ukurasa wa "baadaye". Wazo likimjia mtu katikati ya kazi, analiandika daftarini kisha anaendelea. Wazo halipotei, wala kazi haikatizwi. Ukurasa husomwa wakati wa mapumziko.

4. Muda wa kungoja. Ujumbe uliomkasirisha mtu hujibiwa baada ya dakika 10. Ununuzi ambao haukupangwa, mkopo wa simu au pesa za kubeti hungoja hadi kesho yake saa ile ile. Alamu huwekwa papo hapo, ili kungoja kuwe na mwisho unaojulikana.

5. Mpango wa "ikiwa, basi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza mipango ya aina hii kwa miaka mingi, na utafiti umeonyesha kwamba inaweza kuwasaidia hata watoto wenye ADHD kujizuia. Mfano: "Ikiwa simu italia nikiwa cherehanini, basi nitapiga baada ya kengele." Uamuzi umefanywa mapema, akili ikiwa imetulia.

Fundi angefanyaje?

Kwanza, angepima kazi yake. Anadhani sare moja huchukua saa mbili, lakini akitazama saa anagundua ni tatu. Sare sita ni saa 18, si 12. Akishona saa sita kwa siku, anahitaji siku tatu kamili, kwa hivyo ni heri aanze Jumanne ili abaki na siku moja ya dharura. Habari za kitambaa zingeandikwa kwenye ukurasa wa "baadaye". Pesa za wateja zingewekwa mbali na pesa za matumizi, ili kuzifikia kuchukue muda.

Mambo ya kuzingatia

Zana nyingi kwa wakati mmoja huchosha na kuachwa. Ni bora kuanza na moja. Kengele iliyozoeleka haisikiki tena, hivyo mlio ubadilishwe mara kwa mara. Kwa mtoto, mzazi atoe agizo moja fupi kwa wakati mmoja, na pongezi zitolewe papo hapo, si mwisho wa muhula.

Zana hizi hazichukui nafasi ya matibabu. Anayeona dalili zinaharibu masomo, kazi au ndoa afike katika kituo cha afya kilicho karibu, au azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, ili aelekezwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Wazazi wa wanafunzi wanaweza pia kufika katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ya elimu. Matibabu ni pamoja na ushauri nasaha na, inapohitajika, dawa. Dawa za ADHD hutumiwa kwa maagizo ya daktari pekee.

Zoezi la wiki

Mhusika achague kazi moja anayoifanya kila siku. Kabla ya kuanza, aandike dakika anazodhani itachukua. Akimaliza, aandike dakika zilizotumika. Baada ya siku saba alinganishe safu hizo mbili. Tofauti atakayoiona ndiyo muda anaopaswa kuongeza kila anapotoa ahadi.