SOMO LA ROBO HII: Kila Kifaa na Anwani Yake

Taarifa ya mradi wa maji iliwafikia wafadhili ikiwa imechelewa siku mbili. Umeme ulikatika, uliporudi printa ikagoma, na kamati ikaanza kujadili kununua mpya. Kumbe printa ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni anwani yake.

Ruta hukipa kila kifaa anwani, mfano 192.168.1.100, kwa muda tu. Vifaa vikizimika na kuwaka tena, printa huweza kupewa nyingine, huku kompyuta zikiendelea kutuma kazi kwenye ile ya zamani.

Tulifanya hivi:

1. Tulifungua ukurasa wa ruta kwa neno la siri. Mara nyingi anwani yake imebandikwa chini ya ruta.
2. Tuliitambua printa kwa namba yake ya kiwandani, yenye tarakimu na herufi 12.
3. Tuliitengea anwani ya kudumu. Vifaa viwili visipewe anwani moja, vitagongana.
4. Tuliiandika kwenye kompyuta zote na kwenye daftari la ofisi.

Wapendwa, kabla ya kutumia sadaka ya washarika kununua kifaa kipya, kagueni anwani kwanza.