Ubongo wa Mbuzi na Somo la Kiharusi

Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni kichwa cha mbuzi hununuliwa kwa ajili ya supu, na ni wachache wanaokitazama kwa nia ya kujifunza. Hali ndani yake mna kiungo ambacho, kwa mpango wake mkuu, hakitofautiani sana na kile tulicho nacho sisi wenyewe. Leo tukitazame, kisha tuone kinatufundisha nini juu ya maradhi ya kiharusi.

Chagua kichwa cha mbuzi aliyekaguliwa na afisa mifugo, umwombe mwenye bucha alipasue fuvu polepole asije akauponda ubongo. Vaa glovu, na baadaye uoshe kisu na ubao kwa sabuni na maji ya moto.

Jambo la kwanza utakaloliona ni utando mgumu uliolala chini ya mfupa. Uondoe. Chini yake zipo tando nyingine mbili nyembamba, na juu ya ubongo imetandaa mishipa mingi ya damu, myembamba kama nyuzi. Mishipa hiyo uitazame vizuri, maana tutairudia.

Sasa uchemshe ubongo kidogo katika maji ya chumvi ili ukaze. Utaona sehemu tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, wenye mikunjo, uliogawanyika pande mbili, wa kulia na wa kushoto. Kwa mwanadamu, hapa ndipo penye fikra, kumbukumbu, usemi na amri za kuviendesha viungo. Ya pili, nyuma yake, ni ubongo mdogo, unaoratibu mwendo na kuuweka mwili sawa usipepesuke. Ya tatu ni shina la ubongo, lililoungana na uti wa mgongo. Hilo husimamia pumzi na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini.

Ukikata katikati ya zile pande mbili, utaliona daraja jeupe la nyuzi linaloziunganisha. Ukikata upande mmoja, utaona tabaka la kijivu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Katika ile ya kijivu zimejaa seli zenyewe. Nyeupe ni nyuzi zinazopeleka habari.

Kwa mwanadamu, nyingi za nyuzi zinazobeba amri za mwendo huvuka chini ya shina la ubongo kwenda upande wa pili. Kwa hiyo upande wa kushoto wa ubongo huuongoza mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huuongoza wa kushoto.

Basi turudi kwenye ile mishipa. Ubongo wetu ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia takribani sehemu 20 katika kila 100 za oksijeni yote. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu iliyokuwa ikilishwa nao huanza kufa upesi. Ikiwa ni upande wa kushoto, mkono wa kulia hulegea, na mara nyingi usemi nao hupotea. Hicho ndicho kiharusi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu wengi wa Dar es Salaam walikiona kiharusi kuwa kazi ya majini au uchawi, ilhali katika wilaya ya Hai wengi walikitaja kuwa kimetokana na mambo kama shinikizo la damu. Hatari ya dhana hiyo ni kupoteza muda. Mgonjwa huzungushwa kwa waganga, na seli za ubongo hazimngoji.

Wala hatusemi watu waache kuomba dua. Dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Tunasema hivi: uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakikokoteka, mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile, na ukumbuke saa dalili zilipoanza. Usimpe chakula wala maji, kwani huenda akapaliwa. Na wewe uliye mzima, pima shinikizo la damu, kwani mara nyingi hupanda bila dalili yoyote.

Aliyeuona ubongo wa mbuzi kwa macho yake hatashangaa tena kwa nini mkono wa kulia umelegea. Ataujua upande ulioumia, na hatakawia.