SOMO: TAA ZINAZOISIMAMISHA NDEGE KABLA YA KURUKA

Lengo: Abiria aelewe kwa nini ndege husimama kabla ya kuruka, na wajibu wake wakati huo.

Dereva atokaye Ruangwa, afikapo Nanganga, husimama na kutazama kabla ya kuingia barabara kuu ya Mingoyo–Masasi. Abiria wa Nachingwea au Ruangwa aendaye kupanda ndege Mtwara au Dar es Salaam atakuta utaratibu unaofanana na huo uwanjani. Barabara ya kiungio inapokaribia barabara ya kurukia na kutua ndege, pana mahali pa kusubiria. Hapo kutazama hakutoshi: rubani huingia kwa ruhusa ya mwongoza ndege aliye mnarani.

Alama za mahali pa kusubiria

1. Mistari ya njano iliyochorwa kukata barabara ya kiungio.
2. Bango jekundu lenye namba nyeupe za barabara ya kurukia.
3. Jozi za taa za njano pembeni, zinazowaka kwa kupokezana ili kumzindua rubani, hasa usiku na wakati wa ukungu.
4. Safu ya taa nyekundu ardhini. Zikiwaka, rubani havuki. Hata akisikia ruhusa redioni, huuliza kwanza.

Taa huongezwa kulingana na wingi wa safari na hali ya mwonekano. Hivyo si kila kiwanja kina alama zote nne.

Kwa nini ni muhimu?

Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya Walinzi wa Pwani iliingia barabara ya kurukia, rubani wake akiamini kuwa ameruhusiwa. Taa nyekundu za mahali hapo zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Ndege ya abiria iliyokuwa ikitua iliigonga. Watu 5 kati ya 6 wa ndege ya Walinzi wa Pwani walifariki. Watu wote 379 wa ndege ya abiria walitoka hai, wakiacha mizigo yao ndani ya ndege iliyokuwa ikiungua.

Wajibu wa abiria

- Baki umefunga mkanda ndege inaposubiri.
- Usisimame wala kufungua sehemu ya mizigo.
- Tambua mlango wa dharura ulio karibu nawe.
- Ukiamriwa kutoka kwa dharura, acha mizigo.

Zingatia: Dakika chache za kusubiri mbele ya taa hizo ni sehemu ya usalama uliolipia katika nauli yako.