MBOLEA YA NGOMBE: ISIPOTEE MBELE YA KUFIKA SHAMBANI



Kila mwaka mvula ikikaribia, huku kwetu Mokambo ulizo ni moja: "Sako ya angre iko bei gani?" Mwenye kukosa feza anapanda mahindi, majani yanageuka manjano, na mavuno yanakuwa kiloko. Lakini kwa mwenye kufuga ngombe wa maziwa, angre ingine iko pale pale mu lupango. Tujifunze kuilinda.

1. Udongo wetu. Udongo mwekundu wa Katanga ni wa zamani sana, tena una uchachu. Chuma kilichomo kinashika fosifori, mimea inaikosa. Mvula nayo, kama milimetri 1200 kwa mwaka, inanyesha karibu yote katika miezi tano ao sita, na inateremsha azoti chini kupita mizizi. Wazee wa pande hizi na wa ngambo, Zambia, walikata matawi, wakayachoma, wakapanda malezi mu majivu, kisha wakaacha pori lipumzike miaka 20 na zaidi. Leo pori linaisha juu ya makala. Kupumzisha namna ile hakuwezekani tena kwa watu wengi.

2. Hesabu. Sako ya urea ya kilo 50 ina azoti kilo 23. Tani moja ya mafi mabichi ya ngombe ina kama kilo 5. Ngombe mukubwa anaweza kutoa kilo 15 kwa siku, ni kusema tani 5 na zaidi kwa mwaka. Basi mafi yake yana azoti kama ya sako moja ya urea, bila kuhesabu mikojo. Tena yana fosifori na potasi, na yanafanya udongo ushike maji, kitu ambacho urea haifanyi. Lakini mimea haipati yote mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa inatoka pole pole.

3. Inapotea namna gani? Watu wengi wanachota mafi tu, mikojo wanaiacha. Kumbe karibu nusu ya azoti, na potasi nyingi, ni mu mikojo! Kisha mafi yanaachwa pa jua: azoti inapanda hewani, ile harufu kali ya kuchoma pua njo yenyewe inayokwenda. Mvula inasafisha mabaki. Nusu ya azoti inaweza kupotea hivi.

4. Kazi ya kufanya. Juu ya mlima Kilimanjaro, kule Tanzania, Wachaga wanafunga ngombe nyumbani, wanawakatia majani, na mbolea inarudi kwenye ndizi na kahawa. Sisi pia tunaweza:
a) Tupige sakafu ya zizi kwa udongo wa kichuguu, iwe ngumu, na tuitandike majani makavu ao mabua ya mahindi, yanywe mikojo.
b) Tulundike mbolea chini ya kipaa cha nyasi. Ikikauka, tuimwagie maji kiloko. Tuigeuze mara kwa mara mpaka ioze.
c) Tuitie mu mashimo ya mahindi na kuifunika siku ile ile. Mbichi inaweza kuunguza mimea michanga.
d) Mwenye kupata urea kidogo aongeze mahindi yakifika magoti. Mbili pamoja zinasaidiana.

5. Maji. Mbolea iliyo nzuri shambani ni sumu kisimani. Azoti ikizama inakuwa nitrati. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 50 kwa litri. Ikizidi, mtoto mchanga anayepewa maziwa ya kuchanganya na maji yale anaweza kugeuka buluu midomo, sababu damu yake inashindwa kubeba hewa. Kuchemsha maji hakuondoi nitrati. Basi lundo likae mbali na kisima na mto, upande wa chini, na mbolea mbichi isitiwe kwenye mboga za kuliwa bila kupikwa.

Ndugu, tusilie bei ya sako huku tunaacha mvula ibebe sako yetu mpaka mtoni.

MAULIZO
1. Ngombe 3 wanatoa mafi tani ngapi kwa mwaka?
2. Kwa nini tunatandika majani mu zizi?
3. Kwenu, lundo la mbolea na kisima viko mbali mita ngapi? Mwende mupime.