Bustani: Macho Kwanza, Tumbo Baadaye



Leo tusome Mwanzo 2:9 na 2:15. Kama Biblia iko karibu, ifungue kabisa. Angalia mpangilio: miti ya Edeni inasifiwa kwanza kwa kupendeza macho, ndipo kwa kufaa kuliwa. Uzuri umelitangulia tumbo. Kisha aya ya 15 inampa mtu kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza.

Nilikuwa na aya hizo kichwani nilipoingia Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, pale Posta jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa 1893, enzi za Wajerumani, na Stuhlmann aliyesimamia kilimo cha koloni aliitumia kujaribia mazao ya biashara. Yaani mti uliulizwa swali moja tu: utatupa nini? Leo ni bustani ndogo katikati ya maghorofa, watu wanapumzika kivulini. Kuna mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko zote duniani na tunda lake huchukua miaka sita hivi kukomaa. Mfanyabiashara gani angesubiri? (Wenzangu wa seminari, tujifariji hapo.)

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliiuliza mimea swali lingine: wewe ni nini? Adamu naye alipowapa wanyama majina alianzia hapohapo. Huwezi kukipa jina kitu usichokitazama.

Kwetu Shinyanga swali la kwanza limetugharimu. Misitu ilifyekwa kuondoa mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba na kuni, mifugo nayo ikamalizia. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na dawa kubwa ilitoka kwa mababu zetu wenyewe: ngitili. Eneo linafungwa masika, ng'ombe hawaingii, majani yanabaki kwa ajili ya kiangazi. Pakipumzishwa hivyo, hata visiki vinachipua vyenyewe. Mimi naihesabu ngitili kuwa bustani ya mimea kamili, imekosa vibao tu.

Sasa, kijana wa Geita anayekata miti ya matimba simhukumu. Ana wadogo zake wanaosubiri ada. Na Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015) haturuhusu kuchagua kati ya ardhi na maskini; vilio vyao anavisikia pamoja. Lakini duara bila matimba linafukia watu. Mti ule ndio unaomshikilia asife kule chini. Miti ikiisha, atashikiliwa na nini?

Zoezi la wiki hii: chagua mti mmoja karibu na kigango chenu. Utazame dakika tano, simu ikiwa mfukoni. Kisha mwulize bibi au babu jina lake kwa Kisukuma, kabla hujauliza unatibu nini. Jumamosi tuje na majina. Mimi nimeshachukua mkwaju.