Uzio, Ukuta na Geti la Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Jiji la Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Kwa nini kijitabu hiki

Arusha inajaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya Jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 617,000. Viwanja vinauzwa na kugawanywa Muriet, Olasiti, Moshono, Olmoti na Terrat, na nje ya Jiji kuelekea Ngaramtoni, Tengeru na Usa River. Mara nyingi ukuta ndio unaotangulia nyumba. Mtu amenunua kiwanja, anahofia kuingiliwa, anamwita fundi, na baada ya wiki chache tofali zimezunguka pande zote nne.

Hofu hiyo ina msingi. Lakini ukuta uliowekwa mahali pasipo pake haukulindi. Unakuletea ilani ya kubomoa, kesi na jirani, au maji ndani ya sebule ya mtu wa bondeni. Ujumbe wa kijitabu hiki ni mmoja: kabla ya kuuliza ukuta utakuwa na urefu gani, uliza utakaa wapi. Fundi anajua kuuinua. Mahali pa kuuweka panaamuliwa na ramani ya upimaji, bikoni na kibali.

1. Ukuta ni ujenzi

Wengi huamini kwamba kibali ni cha nyumba tu. Si kweli. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Ukuta wa tofali au mawe wenye msingi, nguzo na geti ni uendelezaji. Ndani ya Jiji, mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Arusha. Nje ya Jiji, ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha au Halmashauri ya Wilaya ya Meru, kulingana na eneo lako.

Usidhani kwamba kuwa nje ya mpaka wa Jiji kunakuweka nje ya mipango. Mpango Kabambe wa Arusha, unaotazama hadi mwaka 2035, unagusa pia sehemu za halmashauri hizo mbili jirani. Shamba la migomba na kahawa ulilolizoea linaweza kuwa limeshachorewa barabara, shule au eneo la wazi. Nenda ofisi ya Mipango Miji ukauone mchoro kabla ya kununua, na tena kabla ya kujenga.

2. Anza na mpaka

Kiwanja kilichopimwa kina bikoni kwenye kona zake. Bikoni ni alama za mpimaji, nazo zinalindwa na Sheria ya Upimaji Ardhi: kuzing'oa, kuzisogeza au kuzifukia ni kosa. Kabla ya kuchimba msingi:

- Zitafute bikoni zote ukiwa na nakala ya ramani ya upimaji.
- Ikikosekana hata moja, mwite mpimaji aliyesajiliwa airudishe. Usikisie kwa hatua za miguu wala kwa kufuata ukuta wa jirani, maana huenda yeye ndiye aliyekosea.
- Waite majirani wa pande zote waone bikoni zikionyeshwa, na mtendaji wa mtaa awepo.
- Jenga ndani ya mpaka wako. Msingi hupanuka chini kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo upana wa msingi nao ubaki upande wako.

Ukitaka ukuta mmoja utumiwe na kaya mbili, andikeni makubaliano: nani analipia nini, nani anatengeneza ukipasuka, na unakaa wapi hasa. Yasainiwe mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Maneno ya mdomo hufa na waliosema, na watoto ndio wanaorithi ugomvi.

Kwenye miteremko ya Meru mipaka ya vihamba imeonyeshwa kwa masale tangu zamani za mababu, na wazee wanazijua alama hizo. Huko mpaka ni jambo linalogusa mioyo. Baada ya Wameru kuondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Usiyang'oe masale ili kujenga ukuta kabla mpaka haujakubaliwa na familia, majirani na uongozi wa kijiji. Ukishapata kibali, piga picha za alama za zamani kabla ya kuziondoa.

3. Barabara ina eneo lake

Lami unayoiona ni sehemu tu ya barabara. Pembeni kuna hifadhi ya barabara: nafasi ya mitaro, njia ya waenda kwa miguu, mabomba ya maji, nguzo za umeme na upanuzi wa baadaye. Kwa barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS, Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana alama za X zinazochorwa kwenye majengo na kuta za kando ya barabara zina rangi mbili. X nyekundu huonyesha ujenzi ulioingia kwenye hifadhi kinyume cha sheria, usiostahili fidia. X ya kijani huonyesha mali iliyokuwapo kihalali, ikafikiwa na hifadhi iliyopanuliwa, na mwenye nayo anastahili fidia.

Barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Upana wa hifadhi hizi hutofautiana, na unaonekana kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Barabara ya vumbi yenye upana wa gari moja leo inaweza kuwa imechorwa kwa upana mkubwa zaidi.

Mfano uko wazi. Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilipanuliwa kuwa ya njia nne, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 ikajengwa kuuzunguka mji. Kazi kama hiyo inapofika, aliyejenga ndani ya mpaka wake analala usingizi. Aliyesogeza ukuta mita 2 mbele ili ua uwe mkubwa anapoteza ukuta, geti na fedha zake.

4. Mito, makorongo na mifereji

Maji yote ya Meru yana njia yake, na njia hiyo inapita katikati yetu: Themi, Naura, Ngarenaro, Goliondoi, Kijenge, Burka na makorongo mengi yanayokauka kiangazi. Kukauka hakumaanishi kwamba maji yamehama. Aprili 2024 mafuriko yalisomba gari la wanafunzi katika korongo la Sinoni, na watoto wetu wakapoteza maisha. Baada ya msiba ule, hakuna anayeweza kusema korongo ni kiwanja cha bure.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukuta ni shughuli ya kudumu. Kama kiwanja kinagusa mto au korongo, uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri kabla ya kuweka hata jiwe moja.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Mifereji ya asili. Mfereji unaopita shambani kwako una wenzako wanaoungojea chini. Usiuzibe wala kuuhamisha bila makubaliano ya watumiaji na ushauri wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.
- Matundu ya maji. Kwenye mteremko, ukuta usio na matundu chini yake hukusanya maji kama bwawa. Siku ukianguka, unaanguka na maji yake yote.
- Kivuko mbele ya geti. Usijaze mtaro kifusi ili gari lipite. Weka kalavati au kivuko cha zege chenye ukubwa utakaoelekezwa na mhandisi wa TARURA au wa halmashauri.
- Ukuta wa kuzuia udongo. Ukikata kilima kutengeneza kiwanja, kama inavyofanyika sana Sekei, Ilboru na Moshono, ukuta unaobeba udongo unahitaji mchoro wa mhandisi. Uzoefu wa fundi wa mtaani hautoshi.

5. Aina ya uzio, urefu na geti

*Urefu.* Urefu unaoruhusiwa hutegemea matumizi ya eneo na masharti ya kibali chako. Uonyeshe kwenye mchoro, kisha ujenge uliopitishwa. Ukuta mrefu kupita kiasi huficha hata mwizi: akishaingia, hakuna jirani atakayemwona. Sehemu ya juu ikiwa ya nondo au wavu, ulinzi hubaki na macho ya mtaa hubaki pia.

*Viwanja vya kona.* Kona inayoelekea makutano ya barabara hukatwa, au huwekewa uzio unaoonekana upande wa pili, ili dereva, bodaboda na mtoto anayetoka shule waonane mapema.

*Uzio wa mimea.* Michongoma na mimea mingine ya uzio ni nafuu, inapendeza na inapitisha maji. Ipandwe ndani ya mpaka na ikatwe mara kwa mara isimeze njia. Utomvu wa minyaa huumiza macho vibaya; usiipande mahali watoto wanapochezea.

*Vyupa, seng'enge na nyaya za umeme.* Viwekwe juu, mbali na mkono wa mpita njia, na visielekee barabarani. Uzio wa umeme ufungwe na fundi mwenye leseni na uwe na vibao vya tahadhari vinavyosomeka.

*Geti.* Lifunguke kwa ndani au kwa kuteleza pembeni. Geti linalofungukia nje linakula barabara ya watu. Tunashauri upana wa mita 4 hivi, ili gari la Zimamoto lisikwame siku ya moto. Namba ya dharura ya Zimamoto ni 114. Kama geti linafungukia barabara kuu au ya mkoa, unahitaji ruhusa ya TANROADS.

*Fremu za maduka.* Ukuta wa mbele ukigeuzwa fremu, kiwanja cha makazi kinakuwa cha biashara. Omba kwanza mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na fremu zibaki ndani ya mpaka, pamoja na vibaraza na ngazi zake.

6. Hatua za kupata kibali

1. Fika ofisi ya mtaa upate maelekezo na barua ya utambulisho.
2. Andaa nakala ya hati au barua ya toleo, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na ramani ya upimaji.
3. Mpe kazi mchoraji mwenye sifa. Mchoro uonyeshe namba ya kiwanja, mahali ukuta unapopita, urefu wake, msingi, geti, matundu ya maji na umbali kutoka barabarani.
4. Wasilisha maombi halmashauri, ulipe ada kwa namba ya malipo ya Serikali, na utunze risiti. Usimpe mtu fedha mkononi.
5. Wataalamu wa mipango miji, ujenzi, afya na mazingira wanapitia mchoro. Ukirudishwa na marekebisho, yafanye. Usianze kujenga ukiwa unasubiri.
6. Ukipata kibali, soma masharti yote, na nakala yake ikae eneo la ujenzi.
7. Mwite mkaguzi msingi ukiwa wazi, kabla haujafunikwa.

7. Ardhi ya kijiji

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ndio unaoonyesha njia za mifugo, vyanzo vya maji na maeneo ya makazi. Pata ridhaa ya Serikali ya Kijiji kwa maandishi, na usizibe njia ya ng'ombe wala ya kuteka maji hata kama unayo hati ya hakimiliki ya kimila.

8. Mkishindwa kuelewana

Anzeni nyumbani: kaeni, wazee wawepo, bikoni zionekane. Ikishindikana, nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi ni kupatanisha. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usibomoe ukuta wa mwenzako kwa mikono yako. Utaigeuza haki yako kuwa kosa.

9. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Nimenunua kiwanja ambacho hakijapimwa. Naweza kuzungushia ukuta?* Fuatilia kwanza urasimishaji au upimaji. Kwa sasa uzio wa mimea au wa nguzo na waya, ndani ya mpaka uliokubaliwa na majirani, hautakutia hasara kubwa mchoro ukipita hapo. Omba maelekezo ya halmashauri kwanza.

*Watu wamezoea kupita kiwanjani kwangu. Naweza kufunga?* Angalia mchoro. Kama ni njia iliyopangwa au iliyosajiliwa, huwezi. Sheria ya Ardhi inatambua haki ya njia juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kama ni mazoea tu, zungumza na uongozi wa mtaa ili mbadala upatikane kabla hujafunga.

*Nimeshajenga bila kibali. Nifanye nini?* Nenda halmashauri kabla haijakufuata. Peleka ramani na picha, uombe ukaguzi. Ukuta ulio ndani ya mpaka una nafasi ya kurekebishiwa nyaraka. Ulio barabarani au mtoni utaondolewa, na ni nafuu uuondoe mwenyewe na kuokoa tofali.

10. Kabla hujamlipa fundi, hakikisha

- Bikoni zote zimeonekana, na majirani wameziona.
- Mchoro wa mipango miji umeangaliwa.
- Umbali kutoka barabara, mto, korongo na mfereji umepimwa.
- Njia ya maji ya mvua imepangwa.
- Geti halifungukii barabarani.
- Kibali kiko mkononi na masharti yake umemsomea fundi.

Ukikosa hata kimoja, ahirisha. Tofali zitasubiri, na gharama ya kungoja ni ndogo kuliko ya kujenga mara mbili. Ukuta uliojengwa mahali pake ni amani kwako, kwa jirani yako na kwa watoto watakaourithi.